Alibeba mto wake akahamia sebuleni

Anti, salaam. Saa tisa usiku hii, nimekaa uani, usingizi hakuna. Wiki ya tatu sasa mume wangu kalala sebuleni. Hatukugombana. Alisema tu, "Umeniloweshea shuka kama mtoto," akaweka mto kwapani akatoka. Miaka 26 ya ndoa, Anti, mtu anabeba mto!

Mimi si mgonjwa. Malaria nimepima mara mbili, hamna. Joto linaanzia kifuani linapanda hadi usoni, kanga inalowa chapa, halafu nabaki natetemeka. Mchana nipo sokoni Mwaloni na dagaa zangu, kila mtu anatoka jasho, hakuna anayejua. Usiku nitasingizia jua lipi?

Nesi alinieleza vizuri. Nina miaka 51, homoni ya estrojeni imeshuka. Ubongo unatuma homoni zake kuviamsha vifuko vya mayai, haviitiki, basi unazidi kutuma, kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. Na pale kichwani panapopima joto la mwili pamekuwa pepesi, joto likizidi kidogo tu jasho linafunguliwa. Miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako ndiyo hedhi imekoma, mimi yangu 14. Akasema dawa zipo, nirudi tuzungumze. Sijarudi. Nitaanzaje dawa na mwenye mto hajui?

Ndiyo, hajui. Usinihukumu. Kila mwezi nanunua pedi naziweka juu ya kabati azione, kisha nampa binti wa jirani mbilimbili. Ungefanyaje wewe? Mdogo wake kule Sengerema alioa mke wa pili bi mkubwa alipofikia umri huu, na mahari aliipeleka nani? Huyuhuyu wangu.

Tendo lenyewe naumia, pamekauka, nasema nimechoka. Sasa ananiuliza nani ananichosha huko Mwaloni. Yeye ana 58, na nesi kasema hata wanaume homoni zao hupungua, ila polepole. Nimeona mengi kwake nikanyamaza. Mimi nilibeba mto lini?

Kusema kweli sitaki arudi. Akiwa huko nafungua dirisha, upepo wa ziwa unaingia, napumua. Yeye hataki, eti mbu. Lakini nikimsikia anavyojigeuza kwenye lile kochi fupi, machozi yananitoka. Arudi tu.

Pedi za mwezi huu zimebaki mbili, Anti. Ninunue tena?