Tuambieni "zima, kisha washa", msituambie "riseti"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na kampuni zinazotuuzia huduma ya intaneti majumbani kuhusu neno moja, "riseti", ambalo wahudumu wao wa simu hulitumia kila siku, na ambalo mwezi uliopita liliiacha nyumba yangu siku nne bila mtandao kwa hitilafu iliyomsumbua jirani yangu kwa saa tatu tu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, hapa Morogoro, muda mfupi baada ya umeme kurudi. Simu zetu zilionyesha waifai imejaa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka, na binti yangu, ambaye hufanya kazi ya uhasibu akiwa nyumbani, alikuwa na hesabu za kuwasilisha usiku uleule. Nilizima ruta, nikaiacha kidogo, nikaiwasha, nikarudia tena. Hali ilipobaki vilevile niliwapigia huduma kwa wateja, na kijana aliyepokea, kwa adabu ambayo siilaumu hata kidogo, akaniambia, "Mzee, fanya riseti kwanza." Kwa kuwa kuzima na kuwasha nilikuwa nimeshafanya mara mbili, niliamini kwamba ananielekeza jambo jingine. Niligeuza kile kisanduku, nikalikuta neno hilohilo limeandikwa kando ya kitobo kidogo, nikachukua sindano na kukibonyeza kwa sekunde kumi hivi, mpaka taa zote zikazimika kwa pamoja.

Jina la waifai yetu lilipotea, likarudi lile la kiwandani lililobandikwa chini ya ruta. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba jina la mteja na neno la siri, ambavyo ruta huvipeleka kwa kampuni ili iruhusiwe kuingia mtandaoni, vilifutika, nami sikuwahi kupewa. Fundi aliyetufungia huduma aliviandika mwenyewe na kuondoka navyo. Saa mbili na nusu usiku mtandao wa jirani yangu, ambaye ni mteja wa kampuni hiyohiyo, ulirudi bila yeye kugusa chochote, kwa sababu hitilafu ilikuwa ya mtaa mzima. Wa kwangu usingeweza kurudi. Fundi alifika Jumatatu, akaandika maneno mawili, akamaliza kazi kabla chai aliyoandaliwa haijapoa. Aliniambia kwamba safari zake nyingi za majumbani huanzia kwenye kitobo kile.

Huenda kijana yule alikusudia "ristati", yaani nizime na kuwasha tu. Maneno haya mawili ya kigeni, yakitamkwa kwa haraka kwenye simu isiyosikika vizuri, yanakaribiana mno, na wengi wetu tumeyafanya kuwa kitu kimoja, ilhali ristati haina madhara na riseti hufuta mipangilio yote ya kifaa. Ni kweli kwamba ziko kampuni ambazo mitambo yao huitambua ruta kwa namba yake ya kiwandani, au huirudishia mipangilio kutoka mbali, na kwa wateja wake kitobo hicho hakina hatari kubwa. Lakini mteja atajuaje yeye ni wa kundi lipi? Kiswahili kinayo maneno yasiyoweza kuchanganywa: "zima, subiri nusu dakika, kisha washa" na "futa mipangilio yote". Nashindwa kuona kwa nini yasitumike.

Tena kabla ya kuambiwa abonyeze chochote, mteja angeulizwa taa zinasemaje. Wengi hatujui kwamba waifai si intaneti; waifai ni ule mwendo mfupi wa kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, na ile alama iliyojaa inaonyesha tu kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Habari za huko nje ziko kwenye taa. Kwa sisi tuliounganishwa kwa faiba, yaani waya unaoleta intaneti kwa mwanga, vifaa vingi vina taa iliyoandikwa LOS, ambayo ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kabisa: waya umekatika, umechomoka, au umekunjwa kupita kiasi, na hapo hakuna kitufe kitakachosaidia. Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, mwanga unafika lakini mitambo ya kampuni haijakitambua kifaa. Hizo mbili zikiwa sawa na ile ya intaneti ikawa imezimika, basi ama malipo yamekwisha, ama jina na neno la siri vimekataliwa, ama tatizo liko kwa kampuni yenyewe. Usiku ule LOS yangu ilikuwa imezimika kama inavyotakiwa, PON imetulia, ya intaneti imezimika. Laiti ningeulizwa, pamoja na swali moja kuhusu jirani, sindano isingetoka kwenye kasha lake.

(Na niseme hapa, kwa ajili ya nyumba zenye watoto, kwamba ule waya mwembamba wa faiba ndani yake ni kioo. Usikunjwe kwenye kona ya meza, wala mtu asichungulie ncha yake ikichomoka, kwa sababu mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.)

Taa zote zikiwa sawa bado yapo ya kujaribu yasiyofuta kitu. Kompyuta yenye anwani ya mtandao (namba inayoitambulisha) inayoanza na 169.254 haikupewa anwani na ruta, kwa hiyo tatizo liko humo ndani ya nyumba. Na kompyuta ikiweza kuifikia anwani ya namba kama 1.1.1.1, huku tovuti za majina zikigoma, kilichokwama ni ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Mhudumu akiyajua haya ataokoa muda wake na wetu.

Yapo pia matatizo ambayo hayamo nyumbani wala mtaani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchini kwetu na katika nchi jirani, lakini taa za ruta yangu ziliendelea kuwaka kama siku zote. Siku kama hiyo, ujumbe mmoja mfupi wa simu kwa wateja ungezuia vitobo vingi kubonyezwa.

Ninaloomba halina gharama kubwa. Kila mteja anapofungiwa huduma apewe karatasi moja ya Kiswahili, yenye maana ya kila taa ya kifaa chake, jina lake la kuunganishwa na neno lake la siri, na onyo lililo wazi kuhusu kitobo. Mhudumu wa simu atazame kwanza kama mtaa wa mteja una hitilafu, ndipo atoe maelekezo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano naomba walitazame jambo hili, maana haki ya kupewa huduma haikamiliki ikiwa mteja amenyimwa ufunguo wa huduma aliyoilipia.

Karatasi yangu nimeiandika mwenyewe siku fundi alipokuja, baada ya kumwomba anisomee yale maneno mawili. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati lililo chini ya ruta, na sehemu ya kitobo nimeifunika kwa utepe.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro