Bomba la Ekzosi Likibonyezwa na Jiwe la Barabarani

Wateja wetu wenye Subaru hutujia na kisa kinachofanana: lori liliharibika usiku, utingo akaweka mawe nyuma ya magurudumu ili lisirudi nyuma, na lilipotengemaa likaondoka, mawe yakabaki palepale. Gari dogo lililofuata likapita juu ya jiwe, ukasikika mshindo chini ya miguu, na safari ikaendelea.

Injini ya Subaru imelala, pistoni zake zikienda kushoto na kulia, na matundu yake ya kutolea moshi yanaelekea chini. Kwa sababu hiyo mabomba yanayokusanya moshi hupita chini ya injini, mahali ambapo jiwe huyafikia kwa urahisi.

Si kila bonyeo linahitaji fundi. Bomba lililobonyea kidogo bila kupasuka huendelea kupitisha moshi vizuri, nasi hatuoni haki kumtoza mteja fedha kwa alama isiyomdhuru. Linalotutia wasiwasi ni ufa, ambao mara nyingi hutokea kwenye mshono wa kuchomelea karibu na flenji, yaani bamba la mwisho wa bomba linalofungwa kwa boliti. Injini ikiwa ya baridi utasikia mlio wa tiki-tiki, kisha chuma kikipata moto na kutanuka mlio hupungua, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa tatizo limekwisha. Ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye moshi, huvuta hewa ya nje, sensa ikasoma kwamba petroli ni chache, na kompyuta ya gari ikaongeza mafuta yasiyohitajika. Baya zaidi, moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kupenya hadi walipo abiria na kuua. Tunakusihi usikae ndani ya gari la namna hiyo likiwa limesimama huku injini inanguruma.

Katika matengenezo, kwanza tunayafungua mabomba yote. Kugonga kwa nyundo yakiwa bado kwenye gari huzitesa stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshikilia mabomba) za silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda za injini, na stadi ikikatikia ndani ya hedi ya aluminiamu, kuitoa kunaweza kugharimu kuliko bomba lenyewe. Kwa kuwa kona za bomba haziruhusu kifaa kupita ndani, tunachomelea kipande cha nondo juu ya bonyeo, tunapasha moto hadi chuma kiwe chekundu, kisha tunavuta polepole. Bomba lililokunjika tunalikata na kuweka kona mpya yenye kipenyo na unene uleule, kamwe si bomba la maji lenye zinki, kwa maana mvuke wa zinki humdhuru mchomeleaji. Wakati wa kuchomelea, flenji hufungwa kwenye bamba nene ili isijipinde.

Bomba likipoa tunaziba midomo yake, tunasukuma hewa ya kompresa ndani na kupaka povu la sabuni kwenye mishono. Povu likitoa mapovu mapya, tunarudia kuchomelea kabla ya kulifunga bomba tena kwa gasketi mpya, yaani kizibo bapa cha kuzuia kuvuja kwenye maungio.