Mipaka ya Saheli isiachwe iendeshwe kwa hisani

Ndugu Mhariri,

Tangu Mali, Burkina Faso na Niger zijitoe rasmi ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, nyingi ya makala ninazosoma ni za majenerali, Ufaransa na Urusi. Naomba nafasi niwasemee wafugaji, wachuuzi na madereva wa malori, kwa sababu wao ndio walioubeba mzigo wote wa ugomvi huu.

Nchi hizi tatu zimekaa ukingoni mwa Sahara na hazina bahari. Mchele, saruji na dizeli hupanda kutoka bandari za Dakar, Abidjan, Lomé na Cotonou. Kutoka Saheli nako hushuka ng'ombe, vitunguu vyekundu vya Galmi, Niger, na kondoo wanaochinjwa Senegal na Côte d'Ivoire wakati wa Idi kubwa. Biashara hii ni ya zamani kuliko bendera zote za eneo hilo.

Jeshi lilipopindua serikali ya Niger tarehe 26 Julai 2023, ECOWAS ilifunga mipaka ndani ya siku nne. Nigeria ikakata umeme, ilhali Niger ilikuwa ikitegemea takriban asilimia 70 ya umeme wake kutoka huko. Vitunguu vikaozea kwenye malori, dawa zikaadimika, watu wakakaa gizani. Majenerali hawakutikisika, wala Rais Mohamed Bazoum hakurudishwa madarakani. Hata vikwazo vingi vilipoondolewa Februari 2024, nchi hizo tatu zilikuwa zimeshatangaza kwamba zinaondoka.

Napinga mapinduzi ya kijeshi, na siandiki haya kuyatetea. Waliopindua wazuiwe kusafiri na akaunti zao zifungwe. Lakini mama anayejifungua usiku mjini Zinder, Niger, hakumpindua mtu, na kumkatia umeme hakuwezi kuitwa kutetea demokrasia.

Tazama kilichotokea kwenye daraja la Mto Niger, kati ya Malanville upande wa Benin na Gaya upande wa Niger. Baada ya vikwazo kuondolewa Benin ilifungua upande wake. Niger ikakataa kufungua wake, ikitaja sababu za usalama. Daraja likabaki kimya, na wachuuzi wakawa wanapakia magunia yao kwenye mitumbwi na kuvuka mto kwa nauli ya ziada, huku roho zikiwa mkononi. Mwaka huohuo wa 2024 serikali hizohizo zilivutana pia kuhusu mafuta ghafi yanayosafiri kwa bomba la karibu kilomita 2,000, kutoka visima vya Agadem, Niger, mpaka pwani ya Benin. Yalipokwama, wapatanishi walipatikana, na kufikia Agosti yalikuwa yanatiririka tena. Inaniuma kwamba pipa la mafuta lilitafutiwa njia haraka kiasi hicho, na gunia la mahindi likaachiwa mtumbwi.

Wakati wa kuachana, pande zote mbili zilisema maneno mazuri. ECOWAS iliagiza pasipoti zenye nembo yake ziendelee kutambuliwa na bidhaa zipite kama zamani, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Muungano wa Nchi za Saheli, AES, nao ulisema raia wa ECOWAS wataingia bila viza. Nashukuru. Ila Machi 2025 AES iliweka ushuru wa asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya nchi zake tatu, na hapo tukaona hisani inavyoweza kupunguzwa kwa tangazo moja tu.

Kaskazini hakuna mbadala wa karibu. Umoja wa Nchi za Maghreb uliundwa mwaka 1989, lakini mpaka wa nchi kavu kati ya Algeria na Moroko umefungwa tangu 1994. Algeria na Mali nazo zilifungiana anga Aprili 2025, baada ya droni ya Mali kutunguliwa. Waasi wenye silaha ndani ya Mali wanajua uhai wa mji mkuu Bamako uko wapi: mwaka 2025 walichoma malori ya mafuta yaliyotoka Senegal na Côte d'Ivoire, mpaka shule za nchi nzima zikafungwa kwa wiki mbili.

Sisi wa huku tunalifahamu jambo hili. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, na mkataba mpya ukaja kusainiwa 1999. Wafugaji wa Saheli hawawezi kungoja miaka kama hiyo.

ECOWAS na AES zilianza mazungumzo Bamako Mei 2025, na mambo ya ulinzi na siasa yatachukua muda. Basi zitenge la mipaka na kulisaini kwanza: pasipoti zitambuliwe kwa mkataba, cheti cha kuvusha mifugo ambacho ECOWAS ilikiweka mwaka 1998 kiendelee kutumika, na chakula, dawa na umeme visizuiwe hata serikali ikipinduliwa. Wote bado wana kianzio, kwani nchi hizo tatu zimebaki kwenye umoja wa sarafu ya CFA pamoja na Senegal, Benin, Togo na Côte d'Ivoire.

Mavuno yakiisha, mifugo huanza kushuka kusini kutafuta malisho. Mkataba huo uwe umesainiwa kabla ya msimu huo.

Msomaji wenu,
Arusha