Karatasi ya maandalizi apewe pia anayepika

Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Moshi, gazeti nalisoma usiku baba Eli akishalileta kutoka stendi likiwa limeshapita mikono ya watu ishirini, na barua sijawahi kuandika hata siku moja ila hili limenikaa kooni. Ombi langu ni dogo na nalisema mwanzoni kabisa msije mkaikata barua kabla hamjalifikia. Hospitali zikimpa mgonjwa karatasi ya kujiandaa na kile kipimo cha kamera ya utumbo mpana, wanaita kolonoskopi, basi wamwite ndani na yule anayempikia nyumbani, asikie kwa masikio yake. Maana sisi mara ya kwanza tulirudishwa nyumbani bila kupimwa kwa sababu ya mtori. Ndiyo, mtori.

Mume wangu ni dereva wa Kosta ya Moshi–Arusha, kilomita kama 80 kwenda na 80 kurudi, na anakwenda zaidi ya mara moja kwa siku, amekaa tu, choo anabana mpaka abiria washuke. Akaanza kuona damu chooni. Hakuniambia, nilijua kwa sababu nguo nafua mimi. Nilipombana akasema ni bawasiri hiyo, madereva wote wanayo, kuna mzee anawauzia dawa ya mizizi pale stendi. Haya, nikanyamaza, kosa langu. Miezi ikaenda, akawa akirudi anaanguka kwenye kochi hata viatu havui, tukaenda kupima wakakuta damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu na daktari akasema mwanaume wa miaka 52 damu haimpotei bure, lazima tujue inatokea wapi. Ndo likaja hilo la kamera.

Siku ya kupewa maelekezo aliingia peke yake mi nikabaki kwenye benchi, ndo utaratibu walisema. Akatoka na karatasi imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, imeandikwa Kiingereza chote, nikamuuliza wamesemaje, akasema "nisile vitu vigumu, ninywe supu." Basi. Sasa mwanamke wa Kichaga ukiambiwa mgonjwa anywe supu unafikiria nini kama siyo mtori? Nikachukua ndizi nzuri, nyama ya mfupa, nikaponda mpaka ikalainika kama uji, hakuna bonge hata moja, nikajisifu kabisa moyoni. Akanywa bakuli mbili jioni ile. Ile dawa ya kusafisha tumbo nayo alikunywa nusu tu, nusu nyingine aliimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba, hilo nilikuja kulijua baadaye sana.

Asubuhi nesi akamuuliza choo cha mwisho kilikuwa na rangi gani. Alipojibu wakaangaliana. Wakasema haiwezekani, kamera ikiingia itaona uchafu tu na kama kuna kauvimbe kamejificha humo watakapita, rudi baada ya wiki mbili. Hesabu ya tajiri ya siku ile imepotea, nauli imepotea, na kibaya zaidi ule ujasiri kidogo aliokuwa ameukusanya nao umepotea. Njiani hakusema neno. Mi nilirudi pale dirishani nikamng'ang'ania nesi mmoja mtu mzima, nikamwambia dada mi ndo nimempikia, nimekosea wapi? Akacheka, siyo kwa dharau, akaniambia, "Mama, supu inayotakiwa ukiimimina kwenye glasi unaona upande wa pili."

Hiyo sentensi moja, Mhariri. Ningeambiwa hiyo tu tusingerudishwa.

Nikamwomba anisomee karatasi yote kwa Kiswahili, akanisomea, dakika kumi hazikufika. Vile vidonge vya kuongeza damu vinasimamishwa kama wiki moja kabla maana vinageuza choo cheusi na kinagandamana, na mwenye kutumia dawa za kulainisha damu au za kisukari aseme mapema apangiwe na daktari, asiache kwa kichwa chake. Siku mbili tatu kabla hakuna maharage, hakuna ng'ande (makande yetu), hakuna mchicha, karanga, wala mapera na vyote vyenye mbegu mbegu, unampa wali mweupe, yai, samaki, mkate mweupe. Siku ya mwisho ni vinywaji tu vya kuonekana upande wa pili, chai ya rangi bila maziwa, supu ya mifupa iliyochujwa, maji ya dafu, juisi ya epo, hata soda nyeupe. Rozela hapana na chochote chekundu au zambarau hapana, kwenye kamera kinaonekana kama damu. Nikanunua chujio jipya la kitambaa pale sokoni, shilingi elfu mbili.

Chakula nikakiweza. Mtu mwenyewe ndo ilikuwa kazi.

Nilianza vibaya, nakiri. Nilimwambia usiogope baba Eli, wewe mwanaume, mi nimezaa watoto watatu madaktari wanaingia wanatoka nimenyamaza. Akaniangalia tu. Kesho yake nikajaribu kwa mpira kwa sababu ni mtu wa mpira, nikamwambia hata Pelé mwenyewe alienda kupimwa kawaida mwaka 2021 wakaona uvimbe kwenye utumbo wakautoa. Akajibu, "Na 2022 akafa." Nikasema alikuwa mzee wa miaka 82 yule! Akavuta shuka.

Mi muda wote nilidhani ni aibu. Na aibu ilikuwepo, msidanganyike, konda wake alijua akamwambia mwenzake na mwenzake akaisambaza, ikawa stendi nzima akipita wanamuita "Mangi wa kamera", wanaume wazima na ndevu zao wanachekeshana kuhusu nyuma ya mwenzao anayetokwa damu. Lakini usiku mmoja umeme umekatika watoto wamelala nikamuuliza tu taratibu, hivi unaogopa kitu gani hasa, kitaje. Nikanyamaza. Kwa mtu kama mimi kunyamaza siyo kazi ndogo. Akaanza kusema na alikuwa na vitatu.

Cha kwanza baba yake. Alivimba tumbo zamani huko Kibosho, akapelekwa hospitali akafunguliwa akafungwa, akarudishwa, wiki ya pili wakamzika, na wazee wakasema ni kisu kile, kansa ikiguswa inasambaa. Kwa hiyo kwake kamera na kisu ni ukoo mmoja. Cha pili, utumbo utatobolewa. Cha tatu alikisema ameangalia ukutani, kwamba akichomwa ile dawa ya usingizi ataropoka mbele ya manesi mambo ya hela aliyomkopesha dada yake bila kunishirikisha. Basi na hiyo hela nikaijua siku hiyo hiyo (tutaizungumza, siyo kwenye gazeti).

Aibu hakuitaja kabisa. Mi ningeendelea kumpoza kwenye aibu mpaka leo.

Nikaandika vile vitatu nyuma ya daftari la Eli, cha hela nikakiandika "kuropoka" tu, nikampelekea yule nesi na yeye akamwita daktari. Daktari kijana, mpole, akasema baba mkwe wangu inaelekea alifunguliwa ugonjwa umeshasambaa tayari, kisu kilichelewa, hakikuusambaza, na hivi vivimbe vinavyoota ndani ya utumbo vingi vinaanza vidogo visivyo na madhara, kikigeuka kansa mara nyingi kinachukua kama miaka kumi, ndo maana wanaviwinda kabla, na wakikiona wanakikata kwa kawaya kanakopita humo humo kwenye mpira, hakuna kufungua tumbo. Kutoboka kunatokea ila ni nadra sana. Mpira wenyewe unene wa kidole, utumbo mpana ni kama mita moja na nusu, kazi yote kama nusu saa hivi. Na dawa siyo nusu kaputi, ni ya kusinzia tu, watu wengi wakiamka hata hawakumbuki, na kama kuna aliyewahi kuropoka siri yeye hamkumbuki. Hilo la mwisho nilipomwambia baba Eli ndo alicheka mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Sasa usiku wa dawa. Sisi tumepanga, choo kiko nje na tunachangia nyumba nne, we fikiria mtu anakunywa lita nne za dawa, mbili jioni mbili alfajiri, glasi kila baada ya robo saa, halafu akimbie uani gizani akute jirani yuko ndani. Nilienda kwa mama mwenye nyumba, ambaye kodi ikichelewa siku mbili anagonga mlango kama askari, nikamweleza bila kuzunguka. Akanipa funguo ya choo chake cha ndani. Hakuuliza swali. Watoto nikawapeleka kwa bibi yao, ndoo nikajaza tatu, karatasi laini, na mafuta ya mgando kwa sababu baada ya mara ya kumi panawaka moto, hilo hakuna aliyeniambia nimelijua palepale. Dawa ikae ya baridi, inapita vizuri kuliko ya vuguvugu, na kipande cha limao cha kulamba katikati. Mi sikupika kitunguu wala kitu cha kunukia, nikanywa chai ya rangi na yeye mpaka mwisho, siyo kwamba inasaidia utumbo wake ila huwezi kutafuna chapati mbele ya mtu wa namna hiyo. Kila glasi nilikaa naye. Mgomba siku hiyo haukuonja.

Saa nane za usiku akaniuliza, "Mama Eli, wakinikuta nayo?" Nilitaka kusema hawatakukuta. Ikanishinda, maana mi ni nani nijue. Nikamwambia wakikukuta nayo tutakuwa wawili tuliojua, kunywa hiyo glasi. Akanywa. Alfajiri kikatoka maji ya njano unaona chini, kama mkojo, yule nesi alisema ndo kinavyotakiwa, nikashangilia peke yangu uani kama Yanga wamefunga.

Hospitalini walimpa gauni linalofunguka nyuma, wakamlaza ubavu wa kushoto magoti kifuani, wakamfunika shuka, hilo alinisimulia yeye. Mi nilikaa benchi. Nilitoka nikarudi nikatoka. Walipomtoa alikuwa ametabasamu kama mtu wa pombe na tumbo limejaa hewa kwa sababu wanaipuliza ili utumbo ufunguke, nesi akamwambia baba toa usibane, akatoa, chumba kizima, wala hakuna aliyecheka. Aibu yote aliyobeba kutoka stendi iliishia hapo nadhani.

Halafu mjue huyu mtu alikuwa amepanga kupiga tripu ya jioni! Walishasema wazi asiendeshe chombo masaa 24 maana dawa inabaki kwenye kichwa hata ukijiona mzima. Nilishampigia tajiri tangu juzi yake na funguo za Kosta zilikuwa kwenye pochi yangu. Tena wakaniambia mimi, safari hii mimi, kwamba akitoka damu nyingi, tumbo likamkaza sana au homa ikapanda nimrudishe mbio. Hakupata hata kimoja, alilala mpaka kesho yake na alipoamka akaomba mtori.

Walikuta vivimbe viwili vidogo wakavikata siku hiyo hiyo, na bawasiri pia ipo, kwa hiyo hata yeye hakukosea kabisa. Majibu ya maabara tulisubiri wiki tatu, wiki mbaya kuliko ule usiku. Hayakuwa kansa. Ataangaliwa tena baada ya miaka kadhaa na tarehe nimeiandika mimi.

Najua manesi ni wachache na foleni ni ndefu, nimekaa kwenye hizo benchi. Lakini kumrudisha mtu bila kupimwa ni foleni mbili, na kumwita mke au mume au binti wa mgonjwa ndani hakuhitaji bajeti. Hiyo karatasi iandikwe Kiswahili, na pale penye supu waandike ile ya glasi. Na wewe unayesindikiza usikubali benchi, gonga mlango, sema mi ndo napika.

Wiki iliyopita yule konda, huyo huyo msambazaji, alikuja nyumbani kajiinamia. Mama yake kapangiwa tarehe. Hakutaka kuingia ndani, akasimama mlangoni anauliza kama lile chujio bado lipo.

Mama Eli,
Pasua, Moshi