Kaniki kifuani Siku ya Mashujaa

Mhariri,

Waingereza huvaa ua jekundu la mpopi kila Novemba kwa sababu lilichanua kwenye udongo uliofukuliwa na mizinga kule Ubelgiji. Huku Kusini mwa Tanzania ua hilo ni geni. Tarehe 25 Julai tungevaa kaniki, nguo ya msiba tunayoijua.

Kata utepe wa sentimita 15 kwa 2, pinda kingo zisichanike, ukunje kitanzi, ubane kwa pini upande wa kushoto. Ila kaniki mpya ifuliwe kwanza, mara tatu au nne, mpaka maji yatoke meupe; ukiivaa hivihivi jasho litahamishia rangi kwenye kanzu. Pini nayo isiwe ya kushika kutu, upepo wa bahari hauna simile.

Utepe usiwe wa askari wetu waliozikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele peke yao. Vitani Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigana, Waafrika walikufa pande zote mbili. Wapagazi wa majeshi hayo je, waliomalizwa na njaa na kuhara? Askari walau aliandikwa namba. Kwa hiyo nembo ya chama au ya kikosi isishonwe hapo. Na jioni uvuliwe. Ukikaa wiki nzima umeshakuwa pambo.

Msomaji,
Mtwara