Nane Nane Ipuli ipewe kona ya watumiaji wa kompyuta

MHARIRI, tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na waandaaji wa maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi yanayofanyika kila Agosti hapa Ipuli, Tabora, na pia na wenye mabanda ya kompyuta na wananchi wa Tabora na Kigoma wanaoyatembelea.

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) akitoka Urambo na laptopu inayoganda, akaingia banda la kompyuta, hukuta meza yenye kitambaa, mashine mpya zimewashwa, vipeperushi, na kijana mwenye fulana ya kampuni. Ataambiwa bei. Ataambiwa ofa inaisha tarehe 8. Ila swali lake, kwa nini faili la uzito wa marobota ya tumbaku halifunguki, halina wa kulijibu. Mkulima aliyekwenda banda la mbegu amekuta kipando, yaani shamba dogo la mfano, ameshika jani, ameuliza nafasi kati ya shimo na shimo, amejibiwa. Tunaomba kompyuta nazo ziwe na kipando chao: kona moja isiyouza kitu, ambamo wenye mashine wanakutana na kufunguliana macho.

Utaratibu wa mikutano ya namna hii una umri wa nusu karne na umeshapimwa. Tarehe 5 Machi 1975 watu wachache walikutana katika gereji ya nyumba huko Menlo Park, California, ikazaliwa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenzi wa kompyuta. Mikutano yao, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Lee Felsenstein, ilikuwa na vipindi viwili. Kwanza watu walisimama mmoja mmoja, kila mtu akataja alichonacho, anachokijua au kilichomshinda. Kisha ukumbi ukaachwa huru, na aliyesikia shida anayoiweza akamtafuta mwenye nayo. Mle ndimo Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alimoonyesha kompyuta ya Apple ya kwanza. Aprili 1977 Jim Warren aliandaa San Francisco maonesho ya West Coast Computer Faire, yakavuta watu zaidi ya 10,000, na Apple II ikaonekana hadharani hapo. Mwaka huohuo kijana wa miaka 13, Jonathan Rotenberg, alianzisha Boston Computer Society, chama cha watumiaji wa kompyuta, iliyodumu hadi 1996. Watumiaji wa Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, nao wakaleta siku za kusakinisha: unakuja na mashine yako, anayejua anakaa pembeni yako, mikono inayobonyeza ni yako. Kwetu tuchukue mambo mawili tu, vipindi viwili vya Felsenstein na hiyo kanuni ya mikono ya mwenye mashine.

Haja ya kona hii imekuwa kubwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10. Anayejiandikisha alipewa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoko mitaani kwetu hazikubaliki rasmi kwa Windows 11, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi kinasomwa kwenye jina lenyewe: i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8, na tarakimu zikiwa tano, mfano i5-10210U, soma mbili za mwanzo, ni cha 10. Mnunuzi anayejua kusoma hapo hauziwi kizazi cha 4 kwa maneno ya “ni Core i5 hii, bosi”. Hili peke yake linatosha kuwa somo la dakika kumi la kila asubuhi.

Sasa maandalizi. Umeme ndio unaoharibu siku mapema kuliko kitu kingine. Laptopu kumi zenye chaja za wati 65 ni wati 650. Kompyuta tatu za mezani na skrini zake, kwa wastani wa wati 200 kila moja, ni 600. Jumla 1,250, sawa na ampia 5.4 kwenye volti 230. Soketi moja ya ampia 13 inabeba vizuri. Ila mtu akichomeka birika la chai la wati 2,000 zinaongezeka ampia 8.7, jumla inapita 14, na plagi inapata joto na inaweza kuyeyuka taratibu bila mtu kuona. Chai ipikwe banda lingine. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 1.5, na ukizidi mita 30 uwe 2.5. Ukunjuliwe wote, kwani unaobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake unajipasha joto wenyewe kwa wenyewe hadi plastiki inalainika. Pini ya tatu, ya ardhi, isikatwe hata kama soketi ya mwenye banda ina matundu mawili; itafutwe soketi nyingine.

UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, iwekwe kwenye kompyuta za mezani na kwenye meza moja ya laptopu zenye betri zilizokufa. Laptopu ya namna hiyo umeme ukikatika katikati ya kusakinisha inabaki haina mfumo wa zamani wala mpya.

Vumbi la Agosti Tabora halihitaji maelezo kwa msomaji wa hapa. Ardhi inyunyiziwe maji kabla ya saa 2 asubuhi, na mashine za kufunguliwa zifunguliwe mapema, kabla upepo haujaamka. Anayepuliza feni azuie panga zake kwa kijiti cha meno. Feni ikiachwa izunguke kwa nguvu ya blowa, beringi zake huumia na wiki mbili baadaye inaanza kupiga kelele. Pasta ya zamani ya kupitishia joto la prosesa ifutwe kwa spiriti ya isopropili, wala si petroli au thina, kisha ipakwe mpya kiasi cha punje ya mchele. Wengi hujaza kama siagi kwenye mkate, ikamwagika pembeni na joto likabaki palepale.

Intaneti ya simu isitegemewe kabisa. Umati ukishajaa uwanjani mnara unaelemewa, na bando linaisha kabla faili halijafika nusu. Kila kitu kipakuliwe usiku wiki moja kabla: Linux Mint, ambayo ni karibu GB 3, LibreOffice (programu za barua na majedwali), kizuia virusi na masasisho yake, draiva (programu za kuendeshea kifaa) za printa zinazotumika zaidi mjini. Hesabu ya uhakiki ya SHA256 ilinganishwe na ile ya tovuti ya watengenezaji, tarakimu kwa tarakimu. Faili lililopakuliwa kwa kukatikakatika huonekana zima na hugoma kwenye asilimia 80. Laptopu moja yenye diski kubwa iwe ghala, iunganishwe na swichi ya mtandao ya matundu manane na nyaya za mita tano. Wi-Fi ikiwekwa, iwe kwenye chaneli 1, 6 au 11, maana nyingine zinaingiliana na za majirani.

Flashi ndizo mbeba magonjwa. Mtu anafungua yake anakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, anabofya, mashine nayo inaambukizwa. Kwa hiyo flashi ya mgeni ianze meza ya kwanza, kwenye kompyuta ya Linux, isafishwe ndipo iende kwingine. Flashi za kusakinishia ziwe za GB 8 au zaidi, zifungwe utepe mwekundu, na zisibebe hati ya mtu hata siku moja.

Kabla ya kupiga Windows au kuweka Linux kuna mambo ambayo hayarukwi, na ndipo wengi wanapoumizwa. Hati za mwenye mashine zinakiliwe kwenye diski yake ya nje, kisha faili tatu zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka. Kuona majina ya faili hakutoshi. Afya ya diski ipimwe kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ikionyesha tahadhari ya njano, kazi ya siku hiyo inakuwa kuokoa hati tu, na mwenyewe ashauriwe kuweka SSD, diski isiyozunguka. Kwa mashine ya zamani yenye diski inayozunguka, SSD ya SATA ya GB 256 ndiyo badiliko linaloonekana kuliko mengine yote. Ikiwa Windows iliyomo imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la diski), ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayosomwa kabla Windows haijawaka. Ukibadili mpangilio pale, Windows inaweza kuudai ufunguo huo, na usipopatikana popote hati zimekwenda, na hakuna fundi wa Tabora wala wa Dar es Salaam atakayezirudisha.

Tovuti zikikataa kufunguka kwa madai ya cheti kisicho salama, tazama saa ya kompyuta kwanza. Mara nyingi inasoma mwaka wa nyuma sana kwa sababu betri ndogo ya CR2032 imeisha. Ni volti 3, inabadilishwa kwa dakika tano, na watu huambiwa mashine ina virusi.

Linux ijaribiwe kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinishwa: Wi-Fi, sauti, kamera, printa. Baadhi ya kadi za Wi-Fi za Broadcom hazishiki mpaka ziwekewe draiva, ndiyo maana waya wa mtandao uwepo mezani. LibreOffice inatokana na OpenOffice, ileile iliyowekwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, na kwa barua, bajeti na mihtasari ya vikao inatosha. Lakini katibu ambaye jedwali lake la Excel lina makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, asibadilishiwe mfumo uwanjani. Makro nyingi za Excel hukwama kwenye LibreOffice, na msimu wa mauzo si wakati wa kugundua hilo.

Majedwali yanastahili meza yake, hasa kwa vyama vya tumbaku, pamba na asali. Makosa mawili yanajirudia. La kwanza, kuandika “48kg” ndani ya kisanduku: Excel inaliona kama neno, na jumla inaliruka bila kulalamika. Andika 48, kipimo kikae kwenye kichwa cha safu. La pili, kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani husoma 3/8 kuwa Machi 8, wakati karani alikusudia Agosti 3. Tarehe 13 na kuendelea zinabaki kama maneno, na ukipanga kwa tarehe orodha inavurugika. Mpangilio wa eneo uwekwe Tanzania kabla ya kuanza kuingiza takwimu, kwa maana kuurekebisha baadaye hakubadilishi tarehe zilizokwisha kusomwa vibaya.

Kuhusu ratiba: kunakili, kupima na kusakinisha kunakula saa mbili kwa mashine. Meza tano, kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana, ni mashine kumi kwa siku. Zigawiwe namba kumi, zisizidi. Kona ikipokea arobaini, thelathini zinalala uwanjani bila mlinzi, na hapo ndipo chaja hupotea na ugomvi huanza. Kila mashine iwe na karatasi yenye namba yake ya kiwandani, hali ya skrini, chaja ipo au haipo, na sahihi ya mwenyewe kama amekubali diski ifutwe. Nywila aiandike mwenyewe, asiitaje. Mashine ya ofisi ya umma isifunguliwe bila Afisa TEHAMA wa halmashauri kujua.

Saa 8 mchana, jua likiwa kali na hakuna anayetaka kushika bisibisi, ndio wakati wa kikao cha vipindi viwili. Dakika thelathini za kusimama na kutaja, kila mtu dakika moja, mwenyekiti awe mkali wa saa. Wenye mabanda ya biashara waalikwe wajibu maswali ya kiufundi, bei zao wazitaje bandani kwao. Kisha watu watafutane hadi saa 10, ili wa Nzega na Sikonge wawahi magari.

Tunachoomba kwa waandaaji ni eneo la mita 6 kwa 6 lenye paa, karibu na mabanda ya kompyuta, soketi mbili zenye ardhi, meza sita, viti ishirini, na jina la kona hiyo liandikwe kwenye ramani ya uwanja. Mafundi na walimu wa kompyuta wa mjini wana swichi, nyaya na flashi. Maombi ya nafasi yafunguliwe kwa watumiaji pia kabla mabanda hayajagawiwa, maana yakishagawiwa kinachobaki ni jua na njia ya kupita magari.

Mafundi na watumiaji wa kompyuta,
Isevya, Tabora