Usimamizi wa miradi usiishie ubaoni

Mhariri,

Chuoni tulikariri chati ya Gantt, ule mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi ya mradi na muda wake, hadi tukaota mistari yake. Mwaka wa mwisho mhadhiri akatutuma kusimamia ujenzi wa tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya msingi jirani, kwa wiki 6. Wiki ya pili fundi akaenda msibani, mchanga ukaletwa umejaa udongo, na mtunza fedha wa kikundi (mimi huyo) hakuwa ametenga hata shilingi ya dharura. Tulimaliza wiki ya 11. Mwalimu mkuu alitucheka, kisha akatuonyesha namna ya kuandikiana na muuza mchanga kabla ya kumlipa.

Vyuo vianze mafunzo hayo ya vitendo mwaka wa pili: bajeti ndogo, na mteja anayeweza kukasirika.

Mhitimu,
Morogoro